Gari zisizo na dereva: vibasi, teksi au zile za njia yake peke yake, ipi ingetufaa hapa Unguja?

Binti_Mkunazini

Assalamu alaykum wanajukwaa, na wengine wote habari zenu. Nna jambo nataka tulilinganishe pamoja na naomba mlichukulie kwa uzito, maana kwangu mie si la kupitisha wakati.

Bibi yangu ana miaka 81, anakaa Mkunazini ndani kabisa, gari haifiki. Mwezi uliopita usiku kabanwa na kifua, tukamtoa kwenye kiti cha plastiki, vijana wanne wa pale barazani, wawili mbele wawili nyuma. Kichochoro kinapokunja hapatoshi, mmoja ikabidi aachie mguu wa kiti na wale watatu wakenda na kiti kimeinama, bibi kanikamata mkono anasoma shahada tu. Mpaka tufike barabarani tupate teksi mie nshachoka roho. Alhamdulillahi kapona yuko nyumbani. Lakini toka usiku ule nasoma habari za gari za umeme zinazojiendesha zenyewe, kila nikipata bando nasoma, na nimeona watu wanazichanganya zote kama kitu kimoja na si kitu kimoja.

Kwanza kuna vile vibasi vidogo, Navya na EZ10 ya EasyMile, vyote asili yake Ufaransa. Vinachukua watu 12 mpaka 15, havina usukani, mwendo wake wa kawaida haufiki hata kilomita 25 kwa saa. Lyon walianza kupakia watu Septemba 2016. Pili kuna teksi kama za Waymo kule Marekani, hizo ni gari ya kawaida kabisa imevishwa kamera na mitambo, inaingia barabarani na wenzake. Tatu kuna zile zenye njia yake peke yake, karibu na Rotterdam, eneo la Rivium, zipo toka 1999 na uwanja wa ndege wa Heathrow toka 2011. Na nne, hii ndo iliyonigusa, kuna mji mdogo Japani unaitwa Eiheiji wamechukua vile vigari vya kwenye viwanja vya gofu, wakazika waya chini ya njia kigari kinaufata, kilomita 12 kwa saa, na 2023 wakaruhusiwa kukitembeza bila mtu kushika chochote. Mtu mmoja yuko mbali anaangalia vigari vitatu kwenye skrini. Njia yenyewe ilikuwa ya reli ya zamani, na mji wenyewe una wazee wengi.

Nauliza ipi ingefaa hapa kwetu. Njia ninazofikiria ni Uwanja wa Ndege mpaka mjini, halafu Malindi bandarini kupitia Forodhani mpaka Mnazi Mmoja hospitali, na humo ndani ya vichochoro. Kila mwenye anachokijua aseme.

Konda_502

Waalaykum salaam dada, pole sana na bibi, Mungu amzidishie afya.

Mie nimesimama mlangoni kwa daladala ya Bububu miaka tisa kwa hiyo ntasema la barabara, mitambo waseme wenyewe. Ukitoka Darajani saa kumi na moja jioni tizama dereva anafanya nini. Pua ya gari ishatoka kidogo, mkono uko nje dirishani umelala chini, maana yake ngoja kaka nipite. Mwenye vespa anamtizama usoni, anapunguza, huyu anaingia. Nyuma yake yupo mwenye baskeli na mikungu ya ndizi hatizami mtu, yeye watu ndo wanamtizama. Mpaka mmalize pale mmeshaongea na watu ishirini na hakuna aliyefungua mdomo. Hapasimamwi kwa alama wala kwa mstari wa rangi, mtu anasimama kwa sababu mmeonana macho. Sasa mniambie hiyo gari inamtizama nani na nani anaitizama yeye? Ikiwa kila anaekatiza mbele inasimama basi haitoki Darajani mpaka isha.

Na jengine. Kuna mzee alikuwa anapanda Bububu kila Alkhamis na makanda mawili ya muhogo. Goti la kulia halikunji. Mie namjua, gari inasimama naruka, makanda juu, halafu yeye namshika kwapa la kushoto si la kulia maana la kulia linamuuma, naketi nae mbele. Siku hana nauli analipa Jumamosi. Hizo kamera zake zote zinajua kwapa lipi?

Sipingi maendeleo nasema kazi ya gari ya abiria kuendesha ni nusu tu.

Msafiri_Deira

Salaam kutoka Dubai, mie mtu wa Mwembetanga lakini niko huku mwaka wa kumi na moja.

Konda umesema kweli tupu ila ngoja niongeze la huku. Metro ya Dubai haina dereva toka ilipofunguliwa 09/09/2009. Wazanzibari wangapi wanakuja huku kuchukua mizigo wanapanda wanashuka wala hawajui kama hakuna mtu mbele! Mwanangu mdogo akipanda lazima akae kile kiti cha mwanzo kwenye kioo. Na treni ile haihitaji akili nyingi kama watu wanavodhani, siri yake ni kuwa hakuna anaeweza kukatiza mbele yake. Reli iko juu kwenye nguzo au chini ya ardhi, kituoni kuna ukuta wa vioo na milango yake inafunguka treni ikishasimama tu. Mbuzi hapiti, mtoto hapiti, vespa haipiti.

Abu Dhabi pale Masdar wana vigari vidogo vya umeme toka 2010 na wamefanya hivohivo, vigari vinapita chini, watu wanatembea juu yake. Ile ya Heathrow nimeipanda mara moja nilipokwenda kwa dada yangu, unaingia watu wanne na mizigo, unabonyeza unapotaka kwenda, kinaondoka wewe tu bila kusubiri wengine wajae. Viko 21 na njia haizidi kilomita 4, imeinuliwa juu. Wallahi raha. Lakini kinakupeleka kwenye maegesho ya magari ya Terminal 5 basi, hakiendi popote pengine.

Kwa hiyo mie kwa ninavoona swali la mwanzo lisiwe gari gani, liwe njia ya nani. Ukiwa na njia yako hata mtambo wa 1999 unafanya kazi.

Kodi_Bububu

Naandika programu kwa kazi yangu, si za gari, ila hili nalifatilia sana kwa hiyo vumilieni ni refu kidogo.

Gari ya namna hii ina vitu vitatu vya kuonea. Kamera mnazijua. Rada inapiga mawimbi ya redio inajua kitu kiko umbali gani na kinakwenda kasi gani, mvua haiisumbui sana. Halafu laida, hii inapiga mwanga wa leza mara maelfu kwa maelfu kwa sekunde na kuhesabu umepotea muda gani mpaka kurudi, kutokana na hapo inajichorea umbo la kila kitu kilichoizunguka. Jaguar za Waymo zilikuwa na kamera 29, rada 6 na laida 5. Na chini ya vyote hivyo kuna ramani, si ramani ya simu, ni ramani iliyopimwa mpaka sentimita, kila ukingo kila nguzo kila mti. Gari inalinganisha inachokiona na ilichonacho kwenye ramani, ndo inajua iko wapi.

Matatizo yanaanzia hapo. Vile vibasi vya mwanzo majani yakikua pembezoni mwa njia kinasimama, kwa sababu jana pale palikuwa wazi na leo kuna kitu. Sasa nyinyi mnajua majani ya masika hapa yanavokua, wiki mbili tu barabara ya shamba imefungwa pande zote. Na mvua kubwa, matone yanarudisha leza, kibasi kinaona ukuta. Mvua ya Aprili ya hapa si manyunyu ya Ulaya.

Nitoe mifano miwili mana watu wanapenda kusikia mazuri tu. Las Vegas Novemba 2017, kibasi cha Navya siku yake ya kwanza ya kazi, lori linarudi nyuma taratibu. Kibasi kikafanya kilichofundishwa, kikasimama. Lori likaendelea kurudi mpaka likakigusa. Mtu yeyote wa kawaida angepiga honi au angerudi nyuma kidogo, nyuma palikuwa na nafasi, na mhudumu alikuwemo lakini kile cha kukiendeshea kwa mkono hakikuwa karibu nae. Wa pili Columbus, Ohio, Februari 2020, EZ10 ikafunga breki ghafla ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 11 tu kwa saa, mwanamke aliyekuwa amekaa akaanguka chini. Serikali ya Marekani ikasimamisha vibasi vya kampuni ile kubeba abiria kwenye miji 16 mpaka waweke mikanda na mengine. Kilomita 11! Hiyo ni kasi ya mtu anaekimbia kidogo. Kwa hiyo kwenda polepole peke yake si usalama, inategemea breki inafungwaje na nani amekaa ndani. Bibi wa miaka 81, fikiria.

Teksi ndo usiniambie, ziko mbali sana kwa ufundi, Phoenix zinapakia watu wa kawaida bila mtu yeyote mbele toka Oktoba 2020. Lakini nyuma yake kuna mabilioni ya dola na mtandao wa simu usiokatika na watu ofisini wa kuisaidia ikikwama. Disemba 2025 umeme ulikatika San Francisco, taa za barabarani zikazima, Waymo nyingi zikasimama kwenye njia panda na huduma wakaisitisha kwa muda. Umeme tu.

AmiWaDarajani

Bei kiasi gani hicho kibasi?

Kodi_Bububu

Ami, kimoja kilikuwa kinauzwa zaidi ya dola laki mbili, na hapo hujalipa ramani, hujalipa mtu wa kukiangalia, hujalipa leseni ya programu kila mwaka. Na watu wanadhani unaokoa mshahara wa dereva. Karibu vibasi vyote hivi vilitembea na mhudumu ndani, kwa sheria. Uskochi walianza Mei 2023 basi kubwa lisilohitaji kuendeshwa, linavuka lile daraja la Forth kwenda Edinburgh, humo ndani walikuwa wawili, dereva wa tahadhari amekaa kwenye usukani na mwengine wa kuhudumia abiria. Badala ya kupunguza mtu wameongeza. Februari 2025 likasimama, abiria walikuwa wachache.

Na kampuni zenyewe. Waliotengeneza kibasi cha Olli walifunga milango Januari 2022. Navya mwanzo wa 2023 ikaingia mikononi mwa mahakama kwa madeni, ikanunuliwa na wengine. Ukinunua kitu ambacho akili yake iko kwenye kompyuta za kampuni halafu kampuni ikafa, spea utazitafuta wapi? Hiace ikifa leo Mwanakwerekwe unapata kila kitu mpaka bawaba ya mlango.

AmiWaDarajani

Ahsante kijana. Nimefahamu.

FundiBetri_Chake

Mimi niko Chake Chake, natengeneza vespa na baskeli za umeme, na miaka ya nyuma nilifunga sola. Tuongee chakula cha hiyo gari.

Kibasi cha Navya betri yake ni uniti 33. Kinafanya kazi masaa kama 9 kwa chaji moja. Ukigawa ni karibu uniti 3.7 kwa saa, na sehemu nzuri ya hiyo inaliwa na kiyoyozi, kwetu itakuwa zaidi kwa joto hili. Chaja ya kilowati 7 inakijaza kwa masaa matano hivi, yaani usiku kikilala kinashiba. Kwa vibasi viwili vitatu hakuna shida yoyote. Ukitaka kukilisha kwa jua tu, chukua jua la masaa matano kamili kwa siku, 33 gawa kwa 5 unapata kilowati 6.6, ongeza kinachopotea njiani weka 8 au 9. Hizo ni paneli ishirini hivi za wati 450. Paa la skuli moja linatosha, tena linabaki. Kwa hiyo upande wa umeme siogopi kama watu wanavoogopa. Waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ukikatika ni jengine, waliokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka, miezi mitatu jenereta na koroboi, maji ya kuteka. Siku zile gari ya umeme bila sola yake ingekaa. Sisi Pemba waya wa kutoka Tanga tumeupata 2010, kabla ya hapo tuliishi kwa majenereta, tunajua.

Ninachokiogopa ni chumvi. Baskeli ya umeme ikiletwa kwangu kutoka ufukweni naifungua, kile kiungo cha waya kati ya betri na kontrola kimeota kijani, shaba imeliwa, ukigusa inamwagika kama unga. Hiyo imekaa miezi minane tu na mwenyewe anaifuta kila siku kwa nje. Sasa laida yenye kioo kinachozunguka, kamera 29, viungo mia mbili, vikae Malindi kwenye upepo wa kaskazi? Itabidi mtu wa kuifungua na kuisafisha kila wiki, na awe amesomea. Kwa hiyo ajira haitoki pale, inahama kutoka kwenye usukani inakwenda gereji, na vijana wetu wafundishwe kabla gari haijafika, si baada.

Chaguo langu mimi ni gari za umeme lakini zenye dereva. Hilo la kujiendesha liwe baadae.

Maalim_wa_Mchekechea

Assalamu alaykum wanangu. Mimi nafundisha, na darasani kwangu nnae mtoto asiyeona, wa miaka sita. Nasoma mnayoandika na nimeona mmezungumza habari ya gari kuona watu, hamjazungumza watu kuisikia gari.

Huyu mtoto anavuka barabara kwa masikio. Anajua daladala kwa mngurumo, anajua vespa, anajua gari ya ng'ombe kwa magurudumu yake kwenye kokoto. Tukifika ukingoni hunambia yeye, maalim ngoja kuna gari kubwa, kabla mie sijaiona. Siku moja ilipita baskeli ya umeme karibu na bega lake, hakuisikia kabisa, alitetemeka mpaka tukarudi ndani. Mimi nilimshika lakini nisingekuwepo?

Na yaliwahi kutokea. Tokyo Agosti 2021 kwenye kijiji cha wanamichezo wa Paralimpiki kulikuwa na mabasi ya Toyota yanayojiendesha, ya umeme. Mchezaji wa judo asiyeona vizuri alikuwa anavuka, basi likamgonga. Hakuumia sana lakini mashindano yake yalimpita. Ndani ya basi alikuwemo mtu, na njiani walikuwepo waongozaji, na bado ikatokea. Walipolirudisha waliongeza watu na wakaongeza sauti ya basi.

Ulaya sheria inataka gari mpya za umeme zitoe sauti zikiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, ilianza 2019. Hapa kwetu chochote kitakacholetwa, chenye dereva au kisicho na dereva, naomba hilo liandikwe kwanza. Hao watoto hawamo humu kusema.

Konda_502

Maalim umenitoa machozi. Hilo nalibeba.

Bandarini_Malindi

Habari za jioni. Mmezunguka sana mmesahau pahala ambapo gari hizi zinafanya kazi kweli na watu hawabishani, bandarini.

Nipo kwenye mizigo. Rotterdam wameanza toka 1993, gari bapa hazina hata kibanda cha dereva, zinapokea kontena kutoka kwenye winchi ya gatini na kulipeleka yadi. Chini ya sakafu wamezika vipokezi vidogo kila baada ya hatua, gari ikipita juu yake inajua iko wapi. Mwanzo zilikuwa za dizeli, zile mpya za Maasvlakte ni za betri na betri ikiisha gari inakwenda yenyewe kwenye banda, mashine inaichomoa na kuipachika nyengine, inarudi kazini. Usiku na mchana. Na mule ndani hakuna mtu anaetembea kwa miguu, pamezungushiwa uzio.

Sasa nyiye mnaijua Malindi. Boti ya Dar inashusha, hamali na rikwama, teksi, mama na watoto na ndoo, kontena linapita hapohapo pembeni. Huwezi kuweka. Lakini bandari mpya ya mizigo ikija kujengwa mbali na watu, pale uzio unawezekana toka siku ya kwanza. Hapo ndo mahala pa kuanzia kwa nchi yetu, si kwenye abiria. Ingawa nasema hivo huku nikijua mimi mwenyewe ntakuwa mmoja wa watakaoulizwa wanafanya nini pale. Nina watoto watatu. Ningependa niulizwe mapema.

Msafiri_Deira

Kaka Malindi maneno mazito hayo.

Dada mwenye uzi, vipi ile njia ya Uwanja wa Ndege? Mie naona ile ingeweza kupata njia yake. Hata tuta dogo la kuitenga upande mmoja wa barabara, gari za umeme za dereva zianze kupita humo, watu wazoee kuwa humo hapakatizwi. Ikishakuwa hivo miaka kadhaa ndo unaondoa dereva ukitaka. Rivium Rotterdam ndo walivo, njia yao wenyewe, sumaku zimezikwa kwenye lami, na panapokutana na barabara ya watu wameweka vizuizi kama vya reli. Haina maajabu yoyote na ndo maana imedumu.

Konda_502

Hapo kwenye kutenga njia ntakuunga mkono hata leo, maana na sisi wa daladala, njia ya 505 na 502, tungepumua. Lakini ukiitenga halafu mwenye duka akaweka friza lake humo je? Naongea kwa uzoefu.

Binti_Mkunazini

Nimerudi, samahani kwa kimya, nilikuwa na kazi ya kufanya kabla sijajibu.

Kwanza nawashukuru wote kwa dhati. Nilikuja na wazo la vibasi kichwani, nalitoa. Kwa barabara zetu za kuchanganyika, Konda na Kodi wamenionesha kuwa kingekaa kinasimama tu na bibi ndani anarushwa na breki. Teksi za Waymo sizitaji tena. Uwanja wa Ndege nakubaliana na Deira na fundi, basi la umeme lenye dereva na njia yake, na utingo abaki. Bandari nayo nimefahamu. Sauti ya Maalim kila mahala.

Ilibaki moyoni ile ya Eiheiji tu, kigari cha waya. Kwa hiyo jana baada ya alasiri mie na kaka yangu tumechukua tepu ya fundi tukapima kutoka mlango wa bibi mpaka barabarani. Mwanzo pana mita 2 na nusu, safi. Mbele kidogo kuna baraza upande mmoja inakula sentimita 50. Pale pembe iliponitoa roho siku ile ni mita 1 na sentimita 38 ukuta mpaka ukuta, na chini kuna mfereji uliofunikwa kwa jiwe linalocheza. Kigari cha gofu upana wake ni mita 1 na ishirini hivi. Kinapita, lakini kikipita mtu mwengine hana pa kusimama, na mchana pale wanapita watoto wa chuoni mfululizo. Na kuzika waya, Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia toka 2000, sakafu ya kichochoro huipasui unavotaka, na mie nisingependa ipasuliwe. Halafu nikakumbuka kuwa hata kule Eiheiji kwenye njia yao iliyo wazi ya reli ya zamani, Oktoba 2023 kigari kilikwaruza baskeli iliyoegeshwa pembeni, wakasimamisha miezi kadhaa. Kwetu baskeli zilizoegeshwa pembeni nimehesabu jana, kumi na nne.

Nikakaa barazani nikafikiri. Usiku ule kilichokosekana hakikuwa dereva. Watu wa kumpeleka walikuwepo wanne, wametoka usingizini wanakimbia. Kilichokosekana ni kitu cha kubebea, chembamba, kisichoinama, kinachojisukuma chenyewe kwenye mpando na kina breki, mtu mmoja akitembea nyuma yake amekishika. FundiBetri, kitu kama hicho kinawezekana? Kiti cha magurudumu cha kawaida tulijaribu, kwenye mawe yale kinakwama, magurudumu ya mbele madogo mno.

FundiBetri_Chake

Kinawezekana dada, tena si kazi ngumu. Mota ya baskeli ya umeme ile inayokaa ndani ya gurudumu, ya wati 250 volti 36, mbili, moja kila upande. Betri ya baskeli moja inatosha, nyumba na barabara hapo si mbali. Magurudumu ya nyuma tuweke ya inchi 20 yenye mpira mnene, ya mbele pia makubwa, inchi 12 hivi, hayataingia kwenye mwanya wa mawe. Kitufe chake kiwe cha kubonyeza ukiachia kinasimama na breki inashika, hata aliyeshika akiteleza. Upana nje kwa nje sentimita 65, hapo kwenye pembe yako mtu anapita pembeni. Viungo vya waya ntavijaza grisi na kuvifunga kwa mpira kwa sababu ya chumvi.

Kengele ntaweka, kwa ajili ya mtoto wa Maalim.

Kiti chenyewe kikae barazani si ndani kwa bibi, mtaa mzima ukitumie, mana wazee hapo hawako mmoja.

Bandarini_Malindi

Fundi ukituma kwa boti ya Pemba niambie, mie ntakipokea Malindi na kukifikisha Mkunazini. Hamna malipo.

Konda_502

Na mie ntakuja kukijaribu. Dada, bibi akipandishwa anashikwa kwapa lipi?

Binti_Mkunazini

La kushoto. La kulia liliteguka siku ile kwenye pembe.

FundiBetri_Chake

Basi mkono wa kiti wa kushoto ntaufanya unafunguka. Nipimie na kizingiti cha mlango wake, urefu kutoka chini, na kama kuna ngazi nambie ngapi.

Binti_Mkunazini

Ngazi mbili. Kizingiti nakipima saivi.